Je, Skrambla Itafika Kiwandani?

Imeundwa juzi, lakini inataka ionekane ya mwaka 1965: tangi la mviringo, kiti kirefu kilicholala bapa, taa moja ya duara, ekzosi iliyopandishwa ubavuni, tairi za meno. Hiyo ndiyo skrambla ya siku hizi. Ikiingia Nyeri Ijumaa jioni kutoka Nairobi, haipiti mtaa wa Majengo hivi hivi. Vijana wa stendi huizunguka, fundi hujifuta mikono akaja kuchungulia chini ya injini, na mwenyewe, kabla hajavua helmeti, huwa ameshaulizwa: hii inapita matopeni, au ni ya kupigia picha?

Swali ni la haki. Mji wa Nyeri uko kwenye kimo cha karibu mita 1,750, kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, na kila upande unaotokea ni mgongo na bonde, mgongo na bonde. Barabara za Mau Mau zimesogeza lami hadi karibu na msitu, lakini kutoka kwenye lami hiyo hadi bomani kwa mtu bado ni udongo. Udongo huo ndio hakimu wa pikipiki huku.

Mjadala ufuatao nimeupanga mwenyewe, na wasemaji wake ni wa kubuni. Yupo fundi wa siku nyingi, yupo kijana wa bodaboda, yupo mwenye skrambla ambaye ni mzaliwa wa hapa anayefanya kazi Nairobi, na yupo mama mmoja aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kutibu ng'ombe Kieni, ambaye mtaa mzima unamwita Daktari. Hoja zao sikuzibuni, zimezagaa mtaani.

MWENYE SKRAMBLA: Mnaihukumu kwa sura, ndiyo maana mnapotea. Hii ni Triumph Scrambler 400 X. Gurudumu la mbele inchi 19. Shokabu zinacheza milimita 150, mbele na nyuma. Injini ina nguvu za farasi 40. Boxer ya huyu ndugu yangu wa boda ina magurudumu ya inchi 17 kotekote, na nguvu za farasi 12. Haya niambieni, ipi imeumbwa kwa njia mbaya?

BODA: Bosi, na hizo namba sina ugomvi. Nakuuliza kitu kimoja. Ni Novemba, mvua imenyesha usiku kucha, uko Mukurwe-ini, nyuma umefunga magunia mawili ya kahawa mbivu. Kiwanda kiko kule chini mtoni, maana kahawa huoshwa kwa maji. Njia ni udongo mwekundu mtupu, na imechimbwa katikati na maji. Utashuka nayo?

MWENYE SKRAMBLA: Mimi sikununua pikipiki ya kubeba kahawa.

BODA: Basi tumemaliza.

Hatukumaliza, bila shaka. Majengo hakuna mjadala wa pikipiki unaokwisha kabla chai haijapoa.

FUNDI: Usimkate hivyo, ni mtoto wa hapa. Sikiliza, mwanangu. Nguvu unazo, tena umezidi nazo. Lakini matope hayataki nguvu. Ukifungua mafuta kidogo tu, tairi la nyuma linazunguka palepale na kujichimbia shimo. Shida yako mimi naiona kwenye uzito. Hii ina kilo 179. Boxer haifiki 130. Kwenye lami hizo kilo 50 huzioni. Sasa ikulalie mteremkoni, gurudumu la mbele limetazama bondeni, viatu vyako vimevaa udongo havishiki chochote, utamwita nani? Kipimo changu cha pikipiki ya njia mbaya ni kimoja: ikianguka uiinue peke yako, mara tatu asubuhi moja, na bado ubaki na nguvu za kufika unakokwenda.

MWENYE SKRAMBLA: Mzee, uzito si kila kitu. Mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman waliingia nchi hii kupitia Moyale na BMW R1200GS, pikipiki zilizozidi kilo 200 kabla ya mizigo. Wakapita ile njia ya Marsabit, na enzi hizo lami hakuna. Wakafika hadi Cape Town.

DAKTARI: Wakafika, ndiyo. Na safari yenyewe ilikuwa na magari ya kubeba vifaa na watu wa kamera. Wewe ukienda Ihururu Jumapili, gari lako linakuja nyuma?

MWENYE SKRAMBLA: Hapana, Mama.

DAKTARI: Sikuchokozi. Nataka tusichanganye mambo. Mnasema "njia mbaya" utadhani ni kitu kimoja. Moyale hadi Marsabit ilikuwa mawe, vumbi na yale matuta madogo madogo ya kukung'uta meno. Ni njia ngumu, lakini chini ni kavu. Pikipiki nzito yenye shokabu nzuri hutulia juu ya changarawe kuliko nyepesi inayorukaruka. Huko skrambla yako naikubali. Ukinipa nafasi ya kwenda nayo Naro Moru mwezi wa pili, wakati wa jua, nitaipanda na nitafurahi. Udongo mwekundu wa Tetu na Othaya ukilowa ni kitu kingine. Halafu kuna ule mweusi wa Solio na Laikipia, huo ndio baba yao.

FUNDI: Huo mweusi haukuangushi. Unakufunga.

DAKTARI: Unakufunga! Unanata kwenye tairi, unapanda nalo hadi ndani ya madigadi, unajaza, gurudumu la mbele linakataa kuzunguka. Unashuka na kijiti, unakwangua. Hatua ishirini, unashuka tena.

Hapo fundi akaichukua hoja na kuionyesha kwa kidole. Madigadi ya mbele ya Boxer imekaa karibu kabisa na tairi. Kidole kimoja kinapita kwa shida. Ya skrambla nyingi za kisasa ni hivyo hivyo, maana ndivyo sura ya kizamani inavyotaka. Pikipiki iliyochorwa kwa ajili ya matope huwa na madigadi iliyoinuliwa juu sana, chini ya taa, ili udongo upate pa kutokea. Ukitaka kujua mchoraji alikuwa na matope akilini au hakuwa nayo, usiangalie tairi za meno, kwa kuwa tairi hubadilishwa kwa dakika chache. Angalia nafasi kati ya tairi na madigadi. Mwenye skrambla aliinama, akaangalia, akanyamaza kidogo.

Na kwa kuwa alinyamaza, niseme kwa ufupi skrambla zilitoka wapi, kwa sababu hoja inayokuja inaegemea hapo.

Skrambla za kwanza zilikuwa pikipiki za barabarani zilizovuliwa mapambo. Miaka ya 1950 na 1960, watu wa Uingereza na Marekani walichukua Triumph ya kawaida, wakapandisha ekzosi isigonge mawe, wakafunga usukani mpana na tairi za meno, wakang'oa kila kilichokuwa na uzito bila kazi. Viwanda vikaona, vikaanza kuziuza zikiwa tayari. Mwaka 1962 Honda walitoa CL72, na ili kuitangaza Dave Ekins na Bill Robertson waliendesha mbili kutoka Tijuana hadi La Paz, karibu urefu wote wa rasi ya Baja, Meksiko. Ekins alifika kwa chini ya saa 40. Mwaka 1964 Ekins huyo, kaka yake Bud na mwigizaji Steve McQueen walikwenda Erfurt, Ujerumani Mashariki, kushindana kwa Triumph katika mashindano ya siku sita ya kimataifa. Bud ndiye aliyeruka ule uzio wa waya katika filamu ya The Great Escape ya mwaka 1963, ingawa watazamaji wengi mpaka leo wanampa sifa McQueen. Kwa hiyo asidanganye mtu kwamba skrambla hazikuwahi kuwa za kazi. Zilikuwa, kwa kiwango cha wakati wake.

Kisha mwaka 1968 Yamaha wakatoa DT-1. Hii haikugeuzwa kutoka kitu kingine. Ilichorwa tangu mwanzo kwa ajili ya njia za udongo: cc 250, nyembamba, kilo mia na kidogo. Mtu aliyekuwa akihangaika na Triumph ya zaidi ya kilo 150 alipoipanda hakurudi nyuma. Baada ya miaka michache skrambla zilikuwa zimekwisha kazi, na jina likalala hadi Triumph walipolifufua mwaka 2006 na Ducati wakafuata mwishoni mwa 2014. Kilichofufuliwa ni sura. Ile kazi ilikuwa imeshapata mwenyewe.

DAKTARI: Hiyo DT tuliijua. Lakini mimi serikali ilinipa Yamaha AG. Haina sura yoyote, hata mtoto haikimbilii. Cheni yake imefunikwa yote ndani ya sanduku, tope haliigusi. Ina stendi pande zote mbili, kwa sababu huku ardhi haijawahi kukaa sawa. Ukisimamisha mteremkoni unachagua upande. Karia mbele, karia nyuma. Nilikuwa nikibeba sanduku la chanjo nyuma na jaketi na viatu vya mpira mbele. Mwendo wake ni wa pole. Sikumbuki hata siku moja kuitamani ya mtu mwingine.

Anachosema kina ushahidi mpana kuliko Kieni. Mashirika yanayopeleka chanjo vijijini mashariki mwa Kongo, ambako njia ikikatika mtoto anakosa sindano, yamezoea AG100 na Honda XL125, pikipiki ambazo hazionekani kwenye jarida lolote la mitindo.

MWENYE SKRAMBLA: Sawa, lakini hapo mnalinganisha na pikipiki za mashirika. Kijana huyu haendeshi AG, anaendesha Boxer. Na Boxer ni ya barabarani kuliko hata hii yangu.

BODA: Ilitoka dukani hivyo. Ukiiona leo, bosi, si ile ya dukani. Sproketi ya nyuma nimeweka kubwa zaidi, napoteza mwendo lakini napanda kutoka mto Gura na watu. Shokabu za nyuma nimeongeza nguvu. Madigadi ya mbele msimu wa mvua naivua, naiweka nyumbani. Chini ya injini fundi amenichomea bamba la chuma. Na matope yakizidi, nafunga mnyororo mkuukuu kwenye tairi la nyuma, natembea.

Hapa mimi nina upande. Soma tena alichosema huyo kijana, kisha rudia walichofanya wale wa 1960. Amechukua pikipiki ya barabarani, ameng'oa kisichohitajika, amelinda injini, amebadilisha gia zimfae mlimani. Skrambla ya kweli ya Nyeri ni Boxer iliyopita mikononi mwa fundi, na ile inayouzwa kwa jina hilo ni picha yake iliyochorwa vizuri. Tena kuna kichekesho ndani yake: Scrambler 400 X, iliyotolewa mwaka 2023, inaundwa India na Bajaj, kampuni ileile ya Boxer. Binamu wawili wamekutana Majengo, mmoja amevaa suti.

Nilidhani hoja hiyo itafunga mjadala. Daktari hakukubali, na nakiri pingamizi lake ndilo lililonikaa kichwani kuliko mengine yote.

DAKTARI: Msigeuze shida kuwa sifa. Boxer inafika kiwandani kwa kuwa huyu mtoto hana njia ya kukataa kufika. Asipofika hali. Muulize mgongo. Muulize amebadilisha klachi mara ngapi. Muulize breki zake za dramu zikishaingia maji anasimamaje na magunia mawili nyuma na mto mbele.

BODA: Nasimama kwa gia, Mama. Na kwa dua.

DAKTARI: Umesikia! Hiyo si pikipiki ya njia mbaya. Ni kijana wa njia mbaya.

MWENYE SKRAMBLA: Asante, Mama, hapo umenisaidia. Yangu ina diski mbele na nyuma, ina breki zisizofunga gurudumu, na nikiingia kwenye udongo nazima huo mfumo. Na kitu kingine. Hapa tuko juu. Injini hupoteza kama asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa imepungua. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya Mombasa ikifika Naro Moru inakohoa moshi mweusi. Yangu ina injekta na kompyuta. Inapima hewa yenyewe, inapunguza petroli yenyewe.

FUNDI: Kwa breki nakupa mkono, sina neno. Kwa kabureta, umesema kweli nusu. Inakohoa, ndiyo, na mimi naifungua kwa bisibisi moja, nabadilisha jeti, dakika kumi. Yako ikikataa kule Kieni taa ya njano ikawaka, mimi nitakusaidia kwa maneno mazuri tu. Kompyuta ya kuisoma sina. Spea zake ziko Nairobi zikiwepo. Za Boxer ziko Karatina, ziko Othaya, ziko Kiganjo, ziko kwenye kibanda kinachouza mayai.

Fundi hapo ameshika jambo ambalo majarida ya pikipiki huliacha, kwa sababu waandishi wake hurudisha pikipiki ofisini jioni. Uwezo wa pikipiki hauishii kwenye vyuma vyake. Mwaka 2008 Kenya ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki za chini ya cc 250, bodaboda zilifurika, na nyuma yake zikafuata spea, mafundi, na vijana wanaojua kufungua injini wakiwa wamefumba macho. Mtandao huo wote ni wa pikipiki ndogo. Ya cc 398 au cc 900 ikiharibika nyuma ya Mweiga, iko peke yake porini, hata kama imesimama mbele ya karakana.

Kuna hili pia, na ni Daktari tena aliyelileta. Ekzosi ya juu, alama ya skrambla kubwa kubwa, hupita kando ya paja la mwendeshaji na la abiria. Kwa mwendeshaji aliyevaa suruali ngumu ni joto la kuvumilia. Kwa mama aliyepanda nyuma amejifunga leso na mtoto mgongoni, ni jeraha. Ekzosi ya chini ya Boxer yenyewe imeshawachoma wengi kwenye shavu la mguu; ukiipandisha unauhamishia moto mahali pabaya zaidi. Wale wa Baja mwaka 1962 hawakubeba abiria.

MWENYE SKRAMBLA: Lakini si skrambla zote ni za mapambo. Triumph Scrambler 1200 XE ina gurudumu la mbele la inchi 21, shokabu zinacheza milimita 250. Hizo ni namba za pikipiki ya mashindano. Mwaka 2019 ilikimbia Mexican 1000 huko huko Baja, na ilimaliza.

FUNDI: Ina kilo ngapi?

MWENYE SKRAMBLA: Ikiwa na mafuta, zaidi ya 220.

FUNDI: Na urefu wa kiti?

MWENYE SKRAMBLA: Karibu sentimita 87.

FUNDI: Mimi nikiipanda miguu inaning'inia. Ni pikipiki nzuri sana ya mtu mrefu mwenye rafiki.

XE ni ya kweli, na haki lazima isemwe. Ducati Desert Sled ya mwaka 2017 nayo ilichorwa kwa dhati, shokabu za milimita 200, fremu iliyoimarishwa. Lakini zote mbili zimerudi palepale alipoanzia fundi. Kuipa pikipiki ya kilo 220 shokabu ndefu kunaisaidia kuruka mawe kwa kasi jangwani, na mwendeshaji stadi atakuonyesha maajabu. Hakuisaidii kuteleza pole pole kushuka Mukurwe-ini kwa gia ya kwanza. Huko kila kilo inavuta kuelekea mtoni.

Basi hukumu yangu ni hii, na mwenye skrambla aliisikia bila kununa. Skrambla ya kisasa ya sura ya kizamani ni pikipiki ya barabarani inayovumilia vumbi. Kwa changarawe kavu, kwa njia ya kwenda nyumbani kwa wazazi isiyo na lami kilomita tano za mwisho, kwa mashimo ya mjini, inatosha, tena inapita Boxer kwa breki, kwa utulivu na kwa mgongo wako. Kwa udongo mwekundu uliolowa na mweusi unaonata, haifai, na tairi za meno hazitaibadilisha. Anayetaka matope ya kweli bila mzigo atafute pikipiki iliyochorwa kwa ajili hiyo, mfano wa Honda CRF300L yenye kilo 142 na shokabu za milimita 260. Anayetaka kufikisha kahawa kiwandani ataendelea na Boxer, na wanaopanga bei ya kahawa na barabara za mashambani wajue kwamba tofauti inalipwa na mgongo wa kijana.

Na wewe unayeiwazia skrambla, sina nia ya kukukataza. Pikipiki hupendwa kwa macho kwanza, na hakuna ubaya. Ila kabla hujatoa pesa, mwombe muuzaji mtoke nje hadi kwenye nyasi, muilaze kwa upole ubavuni, kisha asimame kando akuache uiinue peke yako. Ukishindwa hapo kwenye nyasi kavu, inunue kwa ajili ya lami, na mvua ikianza kunyesha panda bodaboda.